Lenzi kwanza, kamera baadaye: Jinsi ya kuchagua vifaa vya kupiga picha penye mwanga hafifu

HARUSI nyingi nchini Kenya huanza asubuhi na kuishia usiku. Kanisani mwanga wa jua hupenya madirishani, na katika bustani ambako wageni hukusanyika alasiri, kamera ya aina yoyote hufanya kazi bila kusumbua. Matatizo huanza jua linapozama.

Kwa kuwa Nairobi iko karibu na Ikweta, jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na mwanga wa machweo haukawii. Muda si muda giza limetanda, taa chache za rangi zimewashwa hemani, na mfawidhi wa sherehe anatangaza kuwa maharusi wanaingia kukata keki.

Hapo ndipo mpigapicha hubonyeza kitufe na kamera ikakataa kuitika. Lenzi husogea mbele, ikarudi nyuma, ikasogea tena, mithili ya mtu anayepapasa ukutani usiku akitafuta swichi ya stima. Inapotulia hatimaye, maharusi wamekwisha kupita. Au picha hutoka huku nyuso zao zimejaa ukungu ilhali mapambo yaliyo nyuma yao yanaonekana waziwazi.

Keki haikatwi mara mbili. Mteja aliyelipa arubuni miezi miwili kabla ya siku hiyo hataki kuelezwa habari za giza, na mpigapicha aliyeharibu picha za usiku hupoteza salio la malipo yake pamoja na kazi ambazo wageni wa harusi hiyo wangemletea.

Wengi wanaopatwa na mkasa huo hukimbilia dukani kununua kamera mpya yenye megapikseli nyingi kuliko ya zamani. Wahenga walisema kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, na hakuna kitu kinachotembezwa katika maduka ya kamera kama idadi ya megapikseli. Idadi hiyo huonyesha ukubwa wa picha. Haielezi hata kidogo kama kamera itaweza kulenga gizani.

Kwa mtu mwenye fedha za kununua kifaa kimoja tu, mara nyingi kifaa hicho kinafaa kuwa lenzi wala si kamera. Ili kuelewa sababu yake, ni lazima kwanza kufahamu kamera hutafuta nini inapolenga.

Kamera huona nini?

Kulenga, au kuweka fokasi, ni kazi ya kusogeza vioo vilivyo ndani ya lenzi hadi taswira ya kitu kinachopigwa picha iangukie sawasawa juu ya kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga mahali palipokuwa pa filamu hapo zamani.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa mkono na jicho. Mwaka wa 1977 kampuni ya Konica ya Japani ilitoa C35 AF, kamera ya kwanza yenye fokasi otomatiki kuuzwa kwa umma kwa wingi. Mwaka uliofuata Polaroid ya Marekani ilikuja na mbinu ya ajabu zaidi. Kamera yake ilitoa mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu, ikapima muda ambao mawimbi hayo yalichukua kugonga kitu na kurudi, kama afanyavyo popo. Kamera hiyo ililenga hata katika giza totoro kwa sababu haikuhitaji mwanga. Udhaifu wake ni kwamba ilipoelekezwa kwenye dirisha la kioo ililenga kioo chenyewe, si mtu aliyesimama ng'ambo yake.

Mbinu iliyodumu si hiyo ya sauti bali ya mwanga. Tangu Minolta ilipotoa kamera yake ya 7000 mwaka wa 1985, kamera za kitaalamu zimekuwa zikilinganisha mwanga unaopitia upande mmoja wa lenzi na ule unaopitia upande wa pili. Ni kama ubongo unavyolinganisha yale yanayoonwa na jicho la kulia na la kushoto. Taswira hizo mbili zisipolingana, kamera hujua lenzi isogezwe upande gani na kwa kiasi gani.

Mbinu ya pili, ambayo kamera ndogo za mfukoni ziliitegemea kwa muda mrefu, ni kusogeza lenzi mbele na nyuma hadi mahali ambapo mpaka kati ya sehemu nyeusi na nyeupe unaonekana wazi zaidi. Mbinu hii ni sahihi lakini huchukua muda, na muda ndio usiopatikana harusini.

Mbinu zote mbili zinahitaji mwanga, na vilevile zinahitaji mstari, yaani ukingo ambapo giza na weupe vinakutana. Ukielekeza kamera kwenye ukuta mtupu mchana kutwa itashindwa kulenga ingawa mwanga ni tele. Usiku, suti nyeusi iliyo mbele ya pazia jeusi haina tofauti na ukuta huo. Kwa sababu hiyo wapigapicha wazoefu hawalengi kifua cha bwana harusi. Hulenga pale ukosi wa shati jeupe unapokutana na koti, au ukingo wa shela, au jicho ambalo weupe wake unaakisi taa.

Hesabu ya tundu la lenzi

Kila lenzi ina tundu ambalo mwanga hupitia, na ukubwa wa juu kabisa wa tundu hilo huandikwa kwenye lenzi yenyewe kwa nambari kama f/1.8, f/2.8 au f/5.6. Nambari ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Jambo hili huwakanganya wanaoanza, lakini ndilo kiini cha suala zima.

Lenzi ya zumu ambayo kwa kawaida huuzwa pamoja na kamera ya bei nafuu, ile ya milimita 18 hadi 55, hufunguka hadi f/3.5 ikiwa haijavutwa na f/5.6 ikivutwa hadi mwisho. Lenzi ya milimita 50 isiyo na zumu, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa katika soko, hufunguka hadi f/1.8. Ukigawanya 5.6 kwa 1.8 na kuzidisha jibu kwa lenyewe unapata karibu 10. Maana yake ni kwamba lenzi hiyo ndogo huingiza mwanga takriban mara kumi zaidi ya ile ya zumu iliyovutwa.

Katika kamera za kioo, zile ambazo zina kioo kidogo ndani kinachopeleka taswira kwenye dirisha la kutazamia, faida hiyo hupatikana kila wakati. Kamera hizo hulenga tundu likiwa wazi kabisa hata kama mpigapicha amechagua f/8. Tundu hujifunga tu wakati picha yenyewe inapochukuliwa.

Isitoshe, tundu pana huyaweka mbali yale "macho" mawili ya kamera, na macho yaliyo mbalimbali hupima umbali kwa usahihi zaidi. Baadhi ya kamera, mathalan Canon EOS 20D ya mwaka wa 2004 na nyingine nyingi zilizoifuata, zina alama ya katikati ambayo huwa makini zaidi pindi tu lenzi ya f/2.8 au yenye tundu pana kuliko hiyo inapofungwa. Mwenye lenzi ya f/5.6 amelipia uwezo huo na hautumii kamwe.

Hata hivyo, si kila lenzi ya f/1.8 italenga kwenye kila kamera, na hapa wanunuzi wa vifaa vilivyotumika hupoteza fedha nyingi. Mfano mzuri ni wa Nikon. Kwa miaka mingi lenzi za kampuni hiyo hazikuwa na mota ndani yake bali zilizungushwa na mota iliyo katika kamera. Mwaka wa 2006 Nikon ilitoa D40, kamera yake ya kwanza ya dijitali ya aina hiyo kutengenezwa bila mota. Kamera za jamii ya D3000 na D5000 zilizofuata hazina mota vilevile.

Mtu akinunua lenzi ya zamani ya AF 50mm f/1.8D kwa bei ya kutupa na kuifunga kwenye D3200, itaingia barabara, itapiga picha, na picha itakuwa na mwanga wa kutosha. Lakini haitalenga yenyewe hata mara moja, na mwenye kamera atalazimika kuizungusha kwa mkono. Lenzi iyo hiyo kwenye D90 au D7000, ambazo zina mota, italenga bila shida. Kwa kamera ndogo za Nikon, lenzi zinazofaa ni zile zenye herufi AF-S, kama vile 35mm f/1.8G iliyotolewa mwaka wa 2009 au 50mm f/1.8G ya mwaka wa 2011. Wale waliohamia kamera za Nikon za jamii ya Z wakitumia kiunganishi cha FTZ wajue kwamba hata hicho hakina mota ya kuzungusha lenzi hizo kongwe.

Upande wa Canon hauna mtego huo kwa sababu lenzi zake za EF zimekuwa na mota ndani tangu mwaka wa 1987. Tofauti iko kwenye ubora wa mota. Lenzi ya plastiki ya 50mm f/1.8 II, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1990 na ambayo bado imejaa sokoni, hulia kama nyuki na huhangaika gizani. Ile iliyochukua nafasi yake mwaka wa 2015, yenye herufi STM, ni tulivu na yenye uhakika zaidi. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni ndogo kiasi kwamba hakuna sababu ya kununua ile kongwe, labda tu ikiwa ni zawadi.

Je, lenzi ya milimita 50 inatosha? Kwa kamera zenye kihisi kidogo, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa wapigapicha wanaoanza, milimita 50 huwa ndefu ndani ya hema lililojaa watu. Mpigapicha hujikuta akirudi nyuma hadi anakanyaga wageni. Milimita 35 hufaa zaidi. Waliopiga hatua hutumia zumu za f/2.8, ya milimita 24 hadi 70 na ya 70 hadi 200. Mwenye kihisi kidogo anaweza kuanza na Tamron ya milimita 17 hadi 50 ya f/2.8, iliyotolewa mwaka wa 2006, ambayo hupatikana ikiwa imetumika.

Tundu pana lina gharama yake, na haitakuwa haki kuisifu bila kuitaja. Kadiri tundu linavyopanuka ndivyo eneo lililo wazi katika picha linavyokuwa jembamba. Kwa kamera yenye kihisi kikubwa na lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/1.8, mtu akiwa mita mbili mbele, eneo hilo lina kina cha takriban sentimita 17. Kwa lenzi ya milimita 85 katika umbali huo huo na tundu lilo hilo, kina hupungua hadi kama sentimita 6. Jicho moja laweza kuonekana wazi na sikio likawa na ukungu.

Mwongozaji wa filamu Stanley Kubrick aliifahamu bei hiyo vyema. Katika filamu yake ya Barry Lyndon ya mwaka wa 1975 alitumia lenzi za Zeiss za f/0.7, zilizobuniwa kwa ajili ya shirika la anga za juu la Marekani, NASA, ili kupiga maonyesho yaliyoangazwa kwa mishumaa. Mwanga ulitosha, ila kina cha fokasi kilikuwa chembamba mno hivi kwamba mwigizaji kuinama kidogo tu kulitosha kumtoa ndani yake. Maharusi hawaambiwi wasitikisike. Kwa hiyo ni heri kutumia f/2.2 au f/2.8 kwa watu wawili waliosimama bega kwa bega, na kuiacha f/1.8 kwa uso mmoja.

Nambari za giza

Lenzi ikishapatikana, ndipo zamu ya kamera inapofika. Watengenezaji hueleza uwezo wa kamera kulenga gizani kwa kipimo kiitwacho EV. Sufuri ya kipimo hicho ni kiasi cha mwanga kinachohitaji sekunde moja kwa f/1 na ISO 100, na kila hatua moja kwenda chini ni nusu ya mwanga wa hatua iliyotangulia. Sebule yenye taa za kawaida huwa kati ya EV 5 na EV 7. Uso unaoangazwa na mshumaa ulio karibu ni kama EV 4. Uwanja chini ya mwezi mpevu huwa karibu EV -3.

Canon 5D Mark II ya mwaka wa 2008, kamera iliyoheshimika sana na wapigapicha wa harusi, iliandikwa kuwa inaweza kulenga hadi EV -0.5. Kamera ya 6D ya mwaka wa 2012 ilifika -3 kwa alama yake ya katikati. Nikon D750 ya mwaka wa 2014 pia ilifika -3.

Linalovutia ni kwamba katika mwaka huo wa 2012 Canon ilikuwa pia ikiuza 5D Mark III, iliyokuwa ghali zaidi kuliko 6D na yenye alama 61 za kulengea dhidi ya 11. Gizani, 5D Mark III iliandikiwa -2 tu. Kwa mpigapicha anayefuata mchezaji wa raga akikimbia mchana, alama 61 ni neema. Kwa anayepiga picha kwenye kesha la mkesha wa mwaka mpya, ile ya bei ya chini ndiyo iliyokuwa bora mradi atumie alama ya katikati.

Msomaji atauliza: ikiwa sebule ni EV 5 na kamera kongwe zinaweza kufika EV -0.5, mbona zinashindwa hemani? Jibu ni kwamba nambari hizo hupimwa katika mazingira ya kupendeza. Kinacholengwa hakisogei na kina mistari dhahiri, alama inayotumika ni ya katikati, na lenzi ni yenye tundu pana. Bi harusi anayecheza mbele ya pazia jeusi hana hata sifa moja kati ya hizo. Nambari hizo zinafaa kwa kulinganisha kamera na kamera. Si ahadi ya kitakachotokea ukumbini.

Tahadhari hiyo inahitajika zaidi katika kamera mpya zisizo na kioo. Canon R6 ya mwaka wa 2020 imeandikwa EV -6.5, na Nikon Z6III ya mwaka wa 2024 imeandikwa EV -10. Kwenye maandishi madogo panaelezwa kuwa kipimo kilifanywa kwa lenzi ya f/1.2. Lenzi za aina hiyo hugharimu fedha nyingi, na mtu anayenunua kamera hizo pamoja na zumu ya f/4 anapata mwanga ulio chini ya sehemu moja ya kumi ya ule uliotumiwa na mtengenezaji. Kwa hesabu ya kawaida hizo ni hatua tatu na nusu, na ile -6.5 inakuwa kama -3. Sio mbaya, ila si kile kilichotangazwa. Lenzi imerudi tena kuwa ndiyo hakimu.

Mgala muue na haki umpe. Kamera zisizo na kioo zimewaondolea wapigapicha mzigo mkubwa. Hulenga kwa kutumia kihisi kile kile kinachochukua picha, kwa hiyo ule ugonjwa wa kamera za kioo wa kulenga sentimita mbili mbele au nyuma ya jicho umekaribia kutoweka. Hutambua uso na jicho zenyewe, hata pembeni mwa picha. Aidha, mwenye lenzi za EF anaweza kuzifunga kwenye kamera za R kwa kiunganishi na zikalenga vyema.

Lakini baadhi ya kamera hizo hulenga kwa tundu ambalo mpigapicha amechagua, wala si kwa tundu lililofunguka kabisa. Anayepanga taa zake za flashi, akaweka f/8, kisha akashangaa kwa nini kamera mpya haioni chochote ukumbini, huenda ameifumba macho mwenyewe. Kitabu cha maelezo cha kamera kitaonyesha kama upo mpangilio wa kubadilisha tabia hiyo. Na usipokuwepo, itabidi kutumia tundu pana zaidi.

Taa ya kusaidia

Kuna kifaa kimoja ambacho wengi wanacho na hawajui kazi yake yote. Flashi nyingi za kufungwa juu ya kamera za kioo zina kidirisha chekundu upande wa mbele. Giza linapozidi, kidirisha hicho hurusha michoro ya mistari myekundu juu ya kinacholengwa. Mistari hiyo ndiyo ule ukingo ambao kamera inautafuta, na hata koti jeusi hugeuka kuwa ubao wenye maandishi. Katika kamera nyingi flashi inaweza kupangwa itoe mistari hiyo bila kumulika picha yenyewe.

Msaada huo una masharti. Hufanya kazi kamera ikiwa katika hali ya kulenga mara moja na kutulia, si katika hali ya kufuata kitu kinachosogea. Mpigapicha aliyeiacha kamera yake katika hali ya kufuata tangu mechi ya Jumamosi atabonyeza hadi achoke bila kuona mstari mwekundu. Pia, kwa kawaida mistari hiyo haizisaidii kamera zisizo na kioo, ambazo hutegemea kitaa chao kidogo kilicho mbele.

Mbali na hapo, taa ndogo ya LED inayoshikwa na msaidizi hufaa sana, hasa wakati wa kuingia na kukata keki. Ni suala la adabu, hata hivyo. Katika ibada ya kesha au wakati familia inawasha mishumaa ya kumkumbuka marehemu, kummulika mtu usoni ni kukosa heshima. Hapo hakuna badala ya lenzi yenye tundu pana.

Ukungu wa aina tatu

Kabla ya kulaumu fokasi ni vyema kuchunguza picha iliyoharibika, maana si kila ukungu umetokana na kulenga vibaya. Ikiwa kuna kitu kingine ndani ya picha kinachoonekana wazi, kama vile kitambaa cha meza au kiti cha nyuma, basi kamera ililenga mahali pasipofaa. Ikiwa meza na viti viko wazi na uso uko wazi lakini mikono ya mchezaji imeacha mkia kama wa nyota, kasi ya shata ilikuwa ndogo. Na ikiwa picha nzima, taa na watu na hema, imevutika kuelekea upande mmoja, mkono wa mpigapicha ndio uliotikisika.

Tofauti hizi ni muhimu dukani kwa sababu kila ukungu una dawa yake. Lenzi au kamera yenye uwezo wa kuzuia mtikisiko hutibu ukungu wa tatu pekee. Haimzuii bi harusi kucheza wala haiongezi hata chembe ya mwanga kwa kamera inayojaribu kulenga. Stendi ya miguu mitatu ni vivyo hivyo. Mtu mwenye zumu ya f/5.6 yenye kizuia mtikisiko anaweza kuwa na picha safi za kanisa tupu usiku na asiwe na hata moja ya watu waliomo.

Ukungu wa pili hutibiwa kwa kuongeza ISO ili shata iweze kufunga haraka. Bado wapo wanaoogopa kuvuka ISO 800 kwa sababu ya chembechembe zinazotokea pichani. Woga huo ulikuwa na msingi katika kamera za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kamera nyingi zilizotengenezwa katika miaka kumi na mitano iliyopita huvumilia ISO 3200, na zile zenye kihisi kikubwa huvumilia 6400 bila aibu. Mteja hukubali picha yenye chembechembe. Ile yenye ukungu hairudishi machoni.

Simu zimeachwa hadi hapa kwa makusudi. Baadhi yake hulenga gizani vizuri kushangaza. LG G3 ya mwaka wa 2014 ilipima umbali kwa miale ya leza, na iPhone 12 Pro ya mwaka wa 2020 ilikuja na kifaa cha LiDAR kinachofanya kazi ya aina hiyo, na kwa namna fulani ni kurejea kwa wazo la Polaroid la kutohitaji mwanga wa kamera yenyewe. Ila kihisi cha simu ni kidogo mno, na usiku simu huunganisha picha kadhaa kupata moja. Anayesimama tuli hutoka safi. Anayecheza hutoka amefutika.

Kujaribu kabla ya kulipa

Vifaa vingi vinavyouzwa Nairobi, katika maduka ya Luthuli Avenue na kwingineko mjini, vimepitia mikono ya wengine, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Lenzi iliyotunzwa hudumu kuliko kamera. Ubaya ni kununua lenzi ya usiku kwa kuijaribu mlangoni mwa duka saa saba mchana. Pale kila lenzi hulenga.

Mnunuzi aende na kamera yake mwenyewe na aombe kuingia chumba cha nyuma cha duka, taa zikizimwa au mlango ukiwa umefungwa nusu. Aweke gazeti ukutani, asimame mita mbili, alenge kwa alama ya katikati. Kisha azungushe lenzi kwa mkono hadi mwisho, alenge tena, na kurudia hivyo mara kumi. Lenzi nzima italenga mahali pale pale karibu kila mara. Ikikosa mara tatu au nne kwa kumi, aiache.

Hatua inayofuata ni kuliegemeza gazeti kwa mshazari juu ya meza, kulenga mstari mmoja wa katikati kwa tundu lililo wazi kabisa, na kuikuza picha kwenye kioo cha kamera. Ikiwa mistari iliyo juu au chini ya ule uliolengwa ndiyo inayosomeka, lenzi na kamera hazipatani. Kamera kama Canon 7D au Nikon D7000 zina mpangilio wa kurekebisha kasoro hiyo. Kamera ndogo za kioo, zile za kuanzia, hazina. Mwenye kamera ya aina hiyo atafute lenzi nyingine, hata muuzaji akipunguza bei.

Hatimaye, aitazame lenzi kwa kurunzi kutoka nyuma. Lenzi iliyokaa Mombasa, Lamu au mahali pengine penye unyevu huota kuvu ndani, nyuzi nyembamba kama za buibui kati ya vioo. Kuvu hutawanya mwanga na kufifisha ile mipaka ya weusi na weupe ambayo kamera inaitegemea. Mchana haionekani pichani. Usiku, taa moja ikimulika kutoka nyuma ya maharusi, picha nzima hugeuka maziwa. Kusafisha kuvu kunahitaji fundi wa kufungua lenzi, na malipo yake kwa lenzi ndogo ya f/1.8 yanaweza kukaribia bei ya kununua nyingine.